Pindo la Kanga ya Bibi

Harufu ya mafuta ya karafuu ikinipata popote, hata kule Ulaya nilikosomea diploma yangu ya dawa ya usingizi, hunirudisha kwenye chumba chetu cha Kariakoo, enzi za Ujamaa. Diploma hiyo nimeitundika sebuleni, na mtaani kwetu mimi ndiye wa kwanza kuipata. Msinionee gere, niliisotea.

Bibi, mzaa mama, alikuja kutoka kijijini Masasi na kikapu cha korosho na jino bovu. Shavu lilivimba hadi likang'aa. Mama Rehema, mpangaji mwenzetu, akamtania uani: "Bibi, hilo andazi utalimeza lini?"

"Nasubiri chai," akajibu, akaendelea kubangua korosho.

Kwao mwanamke hasemi kwamba anaumwa. Hujifungua kimya, huchanjwa kimya. Anayelia huiaibisha nyumba nzima. Basi Bibi alipaka mafuta ya karafuu, na alipodhani hatumwoni, alitafuna pindo la kanga yake.

Alipokuwa hawezi kumeza hata uji, mama yuko zamu kiwandani, nilimpeleka zahanati mimi, binti wa darasa la tatu. Tulivuka Mnazi Mmoja mvua ikinyesha, Bibi akitetemeka kwa homa. Kwenye benchi akavua kanga ya mabegani, akaikunja, akanipakatisha.

"Nishikie, mjukuu wangu. Naona joto."

Daktari, kijana mpole, alimwamkia kwanza. "Inauma, bibi?"

"Haiumi, mwanangu. Imevimba tu."

Akaandika vidonge. "Haya, mrudi wiki ijayo."

Nikaona Bibi atakufa kwa njaa huku akisema haiumi. Nikatazama mapajani. Pindo lilikuwa limetafunwa likabaki nyuzi. Nikaliinua.

"Daktari, hii ameila Bibi."

Kalamu ikasimama. Alipomgusa taya, macho ya Bibi yalijaa maji, mdomo kimya. Jino likang'olewa siku ileile. Usaha, alisema daktari, ulikuwa umeanza kushuka kooni.

Miaka yote nimejigamba kwamba nilimwokoa mimi, na kwamba jicho langu la kuona maumivu yasiyosemwa, ambalo wazungu walilisifu, nilizaliwa nalo. Juzi nilikuwa nakunja kanga zangu kama Bibi alivyonifundisha, mapindo yote ndani, mikono yangu ikasita. Siku ile kanga ilikunjwa lile pindo bovu likiwa juu, limenielekea mimi.

Na joto gani, kwenye mvua ile?