Fundo Nililomfungia Rehema

Siku ya harusi yangu nimeanza kuisahau, mwanangu, lakini ipo siku moja ya Kunduchi ambayo haijanitoka hata leo. Nakusimulia kwa sababu umenichosha. Tangu asubuhi nikifungua mdomo unasema, "Najua, babu." Sijamaliza sentensi, unajua. Haya, kaa. Na hiyo simu igeuze kifudifudi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Watu binafsi walianza kufungua biashara zao, na kampuni za kutembeza watalii zikachipuka kila mahali. Mjomba wangu aliyekuwa anaishi Dar es Salaam akaniandikia barua huku kwetu Nkololo: kuna kampuni inatafuta vijana wa kuongoza wageni, lakini kwanza wanafundishwa mwezi mzima kukwea mawe, kuogelea na kulala porini. Nilicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mimi, Masunga, niliyechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya ukubwani, nikafundishwe kulala porini na watu wa mjini?

Nilikwenda hivyo hivyo, na kicheko changu.

Darasa letu lilikuwa kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nyuma ya Kunduchi. Ukuta wa mawe ulikuwa na urefu kama wa ghorofa mbili. Mwalimu wetu aliitwa Lugano, mwanajeshi mstaafu, mtu mfupi asiyependa maneno. Siku tatu za kwanza hatukugusa jiwe. Tulikaa chini kwenye vumbi tukifunga kamba na kuifungua. Kulikuwa na fundo moja lililozunguka kama tarakimu ya nane, na ndilo hilo tu alilotaka tuvae kiunoni. Wenzangu walilirudia mara hamsini. Mimi nililifunga mara mbili, nikaegemea ukuta nikitafuna jani.

"Masunga, umemaliza?"

"Mimi kamba nimezaliwa nazo, mwalimu."

Akapita, akaenda kulivuta fundo la anayefuata.

Mwenzangu wa kamba alikuwa Rehema, dada wa Ilala aliyeacha kufundisha chekechea ili ajaribu kazi hii. Aliogopa juu, na hakuona aibu kusema. Kila usiku alilala na kipande cha kamba mkononi. Nilimtania sana kwa hilo, Mungu anisamehe.

Siku ya nne tukaanza kukwea. Amri ilikuwa moja: hapandi mtu kabla mwalimu hajaliona fundo lake. Alilikagua la Rehema, akaridhika, akapanda juu kuangalia nguzo iliyofungiwa kamba. Hapo Rehema akasema mkanda wa kiunoni unaoshika kamba umembana, hawezi kupumua vizuri. Nikamfungulia, nikaulegeza, nikamfungia upya. Sasa sikiliza vizuri. Lile fundo la nane lilinikataa. Nilijaribu, likatoka kombo. Nikaona aibu kumwita mwalimu ashuke. Nikamfunga fundo letu la nyumbani, lile tunalomfungia dume kwenye kigingi. Unalijua: dume avute atakavyo, halifunguki, ila wewe ukivuta kile kimkia cha kamba linaachia mara moja. Ni fundo zuri sana. Kwa ng'ombe.

"Tayari? Fundo ni lilelile nililokagua?" mwalimu akauliza kutoka juu.

"Tayari, mwalimu!"

Neno moja, mwanangu. Lilinitoka kirahisi kama wewe unavyosema "najua".

Rehema alipanda vizuri. Tulimpigia makofi. Wakati wa kushuka, amebakiza kama kimo cha watu wawili, mguu ukateleza. Akapapasa mbele yake apate cha kushika, akashika kile kimkia.

Sitakusimulia ule mlio. Mguu wake wa kulia ulivunjika chini ya goti. Alipelekwa hospitali amelazwa nyuma ya pikapu, Mwalimu Lugano amemshika kichwa kisitikisike. Mimi nilibaki nimesimama na kamba. Haikuwa na fundo lolote tena, na hakuna aliyejua nililifunga lipi.

Kesho yake asubuhi mwenye kampuni alikuja amefura. Akauliza nani alikagua. Mwalimu akajibu, "Darasa ni langu. Kosa ni langu." Akaambiwa akusanye vitu vyake. Nami nilikuwa pale! Nilimwona akikunja shuka, akifunga begi, akiwaaga wapishi. Begi lilikuwa limeshapakiwa kwenye gari ndipo nikasema.

"Nilifunga mimi. Baada ya yeye kukagua."

Mwenye kampuni alinitukana, na nilistahili. Lakini yaliyoniingia ni ya Mwalimu Lugano. Alishuka garini taratibu, akasimama mbele yangu kama mtu aliyechoka mno.

"Kijana, nimefundisha waoga, nimefundisha walevi, nimefundisha watu wasiojua kulia na kushoto. Wote walifundishika. Wewe nikufanyeje? Umehitimu kabla hujaanza."

Nilifukuzwa, mwalimu akarudishwa kazini. Kabla sijapanda basi la kurudi huku, nilikwenda hospitali. Rehema alikuwa ameamka, mguu umefungwa plasta.

"Dada, nisamehe."

"Msamaha nakupa," alisema. "Ila niambie, ulijua kwamba hulijui lile fundo?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulisema tayari?"

Nina wajukuu kumi na mmoja, na bado natafuta jibu la swali hilo lisiloniaibisha.

Sikupanda basi. Niliwaomba wapishi kazi ya kubeba maji palepale machimboni, wakanipa, na darasa jipya lilipoanza nikamwendea Mwalimu Lugano, nikamwambia sijui kitu. Akasema, "Kaa chini." Basi. Nikakaa vumbini na watu wapya, nikafunga na kufungua hadi vidole vikatoka malengelenge.

Rehema alirudi baada ya miezi mingi, anachechemea kidogo. Siku ya kukwea, mwalimu akiwa pembeni, Rehema alinijia, akanirushia kamba.

"Funga."

Nikafunga. Akalikagua mwenyewe, akaona mkia umekuwa mfupi. "Fungua. Rudia." Nikarudia. Akakagua tena, akamwita mwalimu naye akakagua. Ndipo akapanda. Aliposhuka na kukanyaga chini salama, nilikwenda nyuma ya jiwe nikalia.

Niliongoza wageni miaka mingi baadaye, na sijapoteza mtu. Lakini sikuiti hapa kujisifu. Nakwambia hivi: usiseme unajua wakati unajua kwamba hujui. Ukiwa mwanafunzi, uwe mwanafunzi kweli, hata kama anayekufundisha ni mdogo wako, hata kama nyumbani kwenu wewe ni fundi. Na ukikosea, usingoje begi la mtu mwingine lipakiwe garini ndipo useme. Aibu ya kuuliza inapita jioni ileile. Ile nyingine nimezeeka nayo.

Haya, ng'wana wane, mwanangu, nimemaliza kufoka. Mungu akupe subira ya kukaa vumbini na watu wanaoanza. Akupe mwalimu mkali na mwenzi anayekwambia rudia. Na kila atakayeuweka uhai wake mikononi mwako, arudi kwao akitembea kwa miguu yake miwili mizima. Amina.