Moshi au Arusha

Safari ya Nairobi ilipangwa jikoni kwangu, huku nachagua maharage ya makande. Mwanangu wa mwisho anafanya kazi huko, na mkewe alikuwa amejifungua. Nikasema sifi bila kumpakata mtoto yule. Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza, ana gari. Jumamosi ile alipanda na mkewe kutoka Mombo hadi kwetu Lushoto, wakaegemeza simu kwenye kinu wanionyeshe njia.

Sikuhitaji kuonyeshwa. Darasa niliishia la tatu, lakini majina hayanipotei, ya watu wala ya mahali. Ya watu leo nayaacha, maana wenyewe wako hai na wana maneno. Ya njia nayataja: Mombo, Mazinde, Mkumbara, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga, Njia Panda, Moshi, Arusha, halafu Namanga mpakani. Marehemu mume wangu alikuwa utingo wa lori la kabichi. Kila akirudi alinisimulia vituo hivyo mpaka nikavijua kama shanga za kiunoni mwangu.

"Bibi, magoti yako hayawezi Lushoto hadi Nairobi kwa siku moja," akasema mjukuu. "Tutalala Arusha, kwa shangazi."

Shangazi yake ndiye binti yangu wa pekee.

"Tutalala Moshi," nikasema.

Wakatazamana. Mkewe, ambaye hana woga nami hata kidogo, akacheka. "Moshi kuna nini, Bibi?"

"Kuna mlima."

"Mlima umeukalia tangu uzaliwe, bado unatafuta mwingine?"

"Huo una theluji."

"Basi tutakununulia friji."

Nami nikacheka, nikaendelea kutoa mawe kwenye maharage. Nikawaambia Moshi ni karibu, magoti yatapumzika mapema, na nyumba za wageni ni safi. Yote kweli. Ila sababu haikuwa hiyo.

Sababu ni mkwe. Binti yangu ameolewa Arusha na fundi wa magari, mtu mpole. Na mimi nililelewa kwamba mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Unaweza kwenda ukasalimia, ukala, nawe umekaa upande wako na yeye upande wake, jua likielekea kuzama unaaga. Mama yangu mzazi alikuwa mkali zaidi. Akikutana na mkwe wake njiani alitoka kwenye njia, akaingia katikati ya mahindi, akasimama na khanga usoni mpaka yule apite. Siku moja ya masika alifika kwa dada yangu aliyeolewa huko Bungu, mvua ikamshika. Dada akalia, akamwomba alale. Mama alirudi kwa miguu, matope hadi magotini, akaugua wiki nzima. Hatukumlaumu. Tulimsifu.

Kwa hiyo tangu binti yangu aolewe nimefika kwake mara nne, na mara zote nne nimelala nyumba ya wageni karibu na stendi. Mara ya kwanza alinisindikiza akicheka. Mara ya nne alinisindikiza kimya. Nilimwona mlangoni pale mapokezi akimtazama yule dada anayenipa ufunguo, akamtazama kama mtu aliyemnyang'anya kitu. Ndiyo maana nikachagua Moshi. Nilijiambia, nikilala Moshi nitapita Arusha asubuhi, nitamsalimia getini, na hakuna atakayeumia. Uongo wa mtu mzima huwa hivyo, unauvika nguo za huruma.

Nilichosahau ni kwamba siku hizi habari haisubiri mtu. Mke wa mjukuu alikuwa amekwisha kumwandikia shangazi kwamba tunakuja kulala, na sasa akamwandikia tena kwamba nimechagua Moshi. Kabla maharage hayajaingia chunguni simu ikalia, nikapewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nimesikia unalala Moshi." Nikasikia sufuria ikigongwa huko kwake. "Nimenunua godoro, mama. Nilishalitandika."

"Unajua mila yetu."

"Naijua. Uliniambia nikiwa msichana, nikaiheshimu. Lakini watu wa hapa wananiuliza, mama yako ana kinyongo gani na nyumba yako? Niwajibu nini? Nina miaka mingapi sijalala karibu na mama yangu?"

Nikasema network mbaya, nikamrudishia mjukuu simu yake. Network ilikuwa nzuri tu. Jikoni wote wawili wakawa wanayachunguza maharage kama hawajawahi kuyaona.

Siku mbili nilikwenda shamba na kurudi sijui nimelima nini. Nilimfikiria mama yangu kwenye mvua. Zamani niliona heshima tu katika picha ile. Sasa nikaanza kumwona na dada yangu pia, amesimama mlangoni na taa ya kandili, anatazama mgongo wa mama yake unavyopotea. Jambo hilo halikuwahi kunijia. Dada yangu alikwisha kufa, na hakuna wa kumwuliza alilala vipi usiku ule.

Siku ya tatu mjukuu akapiga simu kutoka Mombo. Alikuwa na ujumbe kutoka kwa mkwe wangu, maana mkwe hanipigii moja kwa moja, hata yeye anajua.

"Bibi, amesema hivi: mama asichague Moshi kwa ajili yangu. Siku atakayofika nyumba haitakuwa na baba. Mimi nitalala gereji."

"Gereji? Kwenye mafuta machafu?"

"Amesema kuna kitanda cha mlinzi."

Nikaketi kwenye kizingiti. Miaka yote nilidhani mzigo wa heshima ile naubeba peke yangu, mimi na mabegi yangu, kutoka nyumba ya wageni hadi stendi. Kumbe mwanaume wa kabila lingine, ambaye kwao hawana jambo hilo, alikuwa amenyanyua upande wake bila kuombwa.

"Mwambie tutalala Arusha," nikasema.

Tulifika mchana, jua lingali juu. Gari la mkwe halikuwepo. Binti yangu alitoka nje bila viatu, akanipokea kikapu cha matunda damu na mapeasi, akakibeba kichwani kama alivyokuwa akibeba akitoka sokoni Lushoto, ingawa mlango ulikuwa hatua tano. Alinionyesha chumba. Godoro lilikuwa jipya kweli, bado na nailoni pembeni. Halikuwa moja. Alikuwa amesogeza na la kwake karibu.

Asubuhi, nimemaliza swala, nikasikia mtu anapima upepo wa matairi nje. Alikuwa mkwe wangu, amesimama upande wa pili wa gari, shingo imekakamaa kwa kulala vibaya. Akainamisha kichwa akiwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shingo inauma?"

Akashangaa. Sikuwahi kumwuliza neno lililozidi salamu.

"Kidogo tu, mama."

Nikaingia garini. Njia nzima mpaka Namanga niliitazama ile shingo akilini.

Nairobi nilimpakata mtoto. Ana masikio ya babu yake. Wiki mbili zilipokwisha, mjukuu alikuja kutuchukua, mimi na mkewe aliyekuwa amebaki nami, akaweka simu mezani kama kawaida yake.

"Bibi, kurudi tunalala wapi? Moshi kwenye theluji yako?"

Mkewe akaanza kucheka, nikamkata.

"Arusha," nikasema. "Kuna kile chumba cha uani kwa shangazi yako, wanachowekea spea, kina mlango wake na paa lake. Waambie wakifagie. Binti yangu ahamishie magodoro huko. Na mkwe wangu mwambie asiende gereji. Alale kitandani kwake."

Sijui mama yangu angesema nini. Nadhani angeingia kwenye mahindi.