Filamu Iliyogawiwa Mapacha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, baba yetu alipoziweka hela za tumbaku juu ya meza ya sebuleni, hapa hapa Cheyo, Tabora mjini, akatuita sisi wanawe watatu tuzitazame kabla hazijatoka. Ninakusimulia kwa sababu ya lile swali lako la jana. Ulikuja na simu yako, ukanionyesha filamu uliyoitengeneza na wenzako, ikaisha, ukaniuliza, "Shangazi, ni nzuri?" Nikakujibu ni nzuri, basi. Uliondoka umenuna kidogo, nilikuona. Filamu ni nzuri kweli, Nyamizi, sikukudanganya. Lakini uzuri wake ndio uliokuwa jambo dogo kati ya yale niliyotaka kukuambia, na hayo mengine yalihitaji nikae nitulie.

Baba yako Kulwa alitangulia kuzaliwa, Doto akamfuata siku ileile, kisha miaka ikapita nikaja mimi. Ndiyo maana naitwa Shija. Kwetu jina hilo halichaguliwi. Ukizaliwa nyuma ya mapacha umeshaitwa. Na kama ulivyoona kwa majirani, mapacha huku kwetu hawapunjani. Mmoja akipewa shati, wa pili anapewa shati la gora hilohilo. Mmoja akitiliwa kijiko cha mchuzi, na mwenzake vivyo hivyo, hata kama ameshiba. Mama yetu alilishika jambo hilo kwa dhati. Aliamini mmoja akipewa pungufu ataugua, na aliwahi kumnywesha Doto dawa ya malaria ya Kulwa ili wasitofautiane. Doto bado anaikumbuka ile dawa.

Wewe humjui baba yako akiwa kijana. Unamjua fundi redio asiyependa maneno mengi. Wakati ule alikuwa na kamera aliyoinunua kwa jasho lake, anarekodi harusi na kipaimara, na kichwani mwake alikuwa na filamu. Ilimhusu kikongwe mmoja aliyegoma kuhamia nyumba waliyomjengea wanawe mjini. Kikongwe mwenyewe aliigizwa na bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa akiishi Usoke, na sijapata kuona mtu aliyezaliwa kuigiza kama yeye. Doto kwa upande wake alikuwa na mdomo. Akisimama sokoni kuuza ndala, watu walinunua ndala wasizozihitaji. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nafanya kazi kwenye duka la kuuza na kuazimisha filamu karibu na stesheni, na nilijua kila banda la video kuanzia hapa mpaka Urambo.

Sasa zile hela mezani. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, akasema, "Hizi zilikuwa za kununulia bati. Nawapa. Msimu ujao wa soko la tumbaku ukifunguliwa, kama kazi yenu haijasimama kwa miguu yake, Kulwa utauza kamera na mtarudi shambani wote wawili." Kilichowekwa rehani pale kilikuwa kazi ya baba yako, ile aliyoipenda kuliko kula. Wote tulilisikia hilo na tukalikubali.

Kulwa akasema anahitaji fungu kubwa kwa ajili ya kupiga picha, kulipa waigizaji nauli na chakula, na zaidi ya yote kurekodi upya sauti, kwa sababu siku waliyopiga picha za mwanzo Usoke upepo ulikuwa umeingia kwenye kinasa sauti na bibi alisikika kama yuko ndani ya pipa. Doto akasema na yeye anahitaji za kutangaza. Mama akainuka, akazigawa zile hela mafungu mawili sawasawa, moja kwa Kulwa na moja kwa Doto, akapiga makofi kuonyesha kwamba ameshamaliza.

Nikauliza, "Na za kuipeleka kwa watu?"

"Shija, hawa nimewazaa siku moja," Mama akanijibu. "Wewe zamu yako itakuja."

Nikaeleza kwamba lazima tutoe nakala nyingi, na kava zake, na zifike Urambo, Usoke, Ulyankulu, Nzega na Igunga siku ileile moja, vinginevyo mtu mmoja atanunua na wengine wote watanakili kwa kuchoma sidii kutoka kwenye yake. Niliyaeleza vizuri tu. Baba alikuwa ameshatoka kwenda kuwatazama ng'ombe, na kaka zangu kila mmoja alikuwa anatazama fungu lake.

Basi kazi ikaanza. Fungu la Kulwa liliisha kabla hajarekodi upya sauti. Alibaki na filamu nzuri ambayo maneno ya bibi, yaliyokuwa ndiyo roho ya filamu yenyewe, ulikuwa huyasikii vizuri. Fungu la Doto lilikuwa kubwa kuliko kazi yake, na mtu akiwa na hela za kutangaza atatangaza mpaka ziishe. Alikodi gari la matangazo lenye spika juu, likazunguka Tabora mjini, likaenda Urambo na Usoke, likakata mpaka Nzega na Igunga kwenye minada ya ng'ombe. Mabango yake yalikuwa mazuri, nakwambia. Picha ya bibi akiwa amekunja ndita na fimbo mkononi ilibandikwa kwenye kila kinyozi na kila mashine ya kusaga. Watoto walikuwa wanamwiga njiani. Mpaka siku ya kuitoa inafika, hapakuwa na mtu asiyeijua filamu yetu, na sidii zenyewe nilizokuwa nazo ni zile nilizoweza kuchoma kwa mashine ya kuazima pale dukani. Zingeweza kuingia kwenye mfuko wa rambo.

Watu walikuja. Foleni ilitoka dukani ikafika barabarani, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha. Sidii zikaisha watu bado wamesimama. Wakanitukana, nikawaelewa. Wiki haikupita, filamu yetu ilikuwa kila mahali hapa karibu, imechomwa na watu wasiotujua, haina hata kava, wengine wameikata mwisho wake. Huko Nzega na Igunga, ambako spika ilipita ikiahidi, haikufika kabisa. Walionunua zile nakala mbovu wakasema sauti haisikiki na hao vijana wa Tabora ni matapeli.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Baba yako alimwambia Doto, "Umeita watu mezani, chakula kikiwa bado kiko jikoni." Doto akajibu, "Kuita ndiyo kazi niliyopewa. Nimeita, wamekuja. Wewe ndiye uliyepika kibichi." Waliyasema hayo uani, Mama akiwa anapepeta mchele katikati yao. Kila mmoja alikuwa na ukweli nusu, na mtu mwenye ukweli nusu hashawishiki kirahisi. Tangu siku hiyo wakawa wanakula kwa zamu. Mapacha, mwanangu, waliolala kitanda kimoja. Mimi niliumia sana na sitaki kulipamba.

Msimu wa soko la tumbaku ulipokaribia nikachukua nakala moja safi niliyoificha, nikapanda treni kwenda Usoke kumsalimia bibi. Nilimkuta anachambua maharage kibarazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na mimi, au umekuja peke yako?"

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba siku ile gari lilipotangaza, aliwaalika majirani, akaazima viti vya kigango cha kanisa, akachinja kuku, wakakaa na televisheni ya mwalimu mkuu wakisubiri filamu iletwe. Walikaa mpaka wakaaga mmoja mmoja. "Nimeaibishwa na sura yangu mwenyewe," akasema. "Iko ukutani kwa kinyozi, na mimi sijaiona."

Nikamweleza tulivyozigawa zile hela. Alinisikiliza akiendelea kuchambua, kisha akaweka ungo chini.

"Hiyo mila ya kugawa sawa nilimfundisha mama yako mimi," akasema. "Nilimfundisha kwa ajili ya watoto. Mtoto anagawiwa sawa ili asione wivu. Kazi haioni wivu, Shija. Kazi unaipa inachotaka. Mahindi ukiyapa mbolea sawa na tumbaku, umeharibu mbolea na umeharibu mahindi. Mmeilea filamu kama mapacha, na wewe mliyemnyima ndiye mliyekuwa mnamhitaji anifikishie."

Halafu akaniambia niende nikaioneshe. Hakuwa akiomba. Siku hizohizo soko likafunguliwa, wakulima wakaanza kulipwa, mifuko ilikuwa na kitu, na hakuna aliyekuwa shambani. Katekista akatangaza baada ya misa. Tukaziba madirisha ya ukumbi wa kigango kwa magunia ya kufungia tumbaku, tukaazima jenereta ya mtu wa mashine ya kusaga, tukaiweka mbali, nyuma ya choo, ili kelele zake zisitumeze. Watu wakaingia mpaka wengine wakakaa chini ya televisheni yenyewe.

Ikafika ile sehemu ya upepo, bibi anafungua mdomo kwenye filamu na hasikiki. Nilitamani nizime. Bibi, aliyekuwa amekaa mbele na kitenge chake kipya, akasimama, akageuka akawatazama watu, akayasema maneno yake yote kwa sauti, neno kwa neno, huku picha yake ikicheza mgongoni kwake. Alifanya hivyo kila upepo ulipoingia. Ukumbi ulicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Tulilazimika kuionesha tena, kwa waliokosa nafasi na kwa waliotaka kurudia.

Alikuwepo mtu wa Ulyankulu pale, mwenye banda la video. Akanialika kwake. Huko nikakutana na mwingine. Nilizunguka na bibi msimu ule wote wa soko, mimi nimebeba deki ya kuchezeshea sidii na yeye amebeba fimbo yake, na kila tulipofika bango la Doto lilikuwa limetutangulia, limepauka lakini lipo, na watu walikuwa bado wana hamu. Nikatambua kwamba filamu ya Kulwa ilikuwa nzuri na tangazo la Doto lilikuwa la kweli, kumbe kilichokosekana ni mtu wa kuvikutanisha hivyo viwili mahali watu walipo, wakati wana nafasi na hela. Nilirudi Tabora na fungu lililotosha kurekodi sauti upya na kutoa nakala za kutosha wilaya zote. Nilikuwa natembea kama bibi harusi.

Nilimkuta baba yako chini ya ukuta wa nyumba anafungua redio ya mtu.

"Walimsikia bibi?" akaniuliza akiitazama deki niliyoibeba, kabla hata sijakaa.

Nikamsimulia bibi alivyosimama. Alicheka, Nyamizi. Alicheka mpaka akaiweka bisibisi chini akajifuta macho. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeiuza kamera wiki iliyopita. Doto ameondoka, yuko Mwanza." Baba yetu hakuwa amemlazimisha. Soko lilifunguliwa, akangoja mpaka likakaribia kufungwa, hakusikia habari yoyote kutoka kwangu, naye akakata tamaa akatimiza ahadi. Nikamwekea zile hela, akanirudishia, akaishika tena bisibisi. Toka siku hiyo hajatamka neno filamu mbele yangu, na ninaona hata kwako hajalitamka.

Basi sikiliza, mwanangu. Siku hizi huhitaji treni. Unabonyeza kitufe na filamu iko Dar na ughaibuni. Lakini wezi nao wana kitufe, na watu bado wana msimu wao wa kuwa na nafasi na msimu wao wa kuwa na dhiki. Hizo filamu kubwa unazozishangaa, zinazojaza kumbi dunia nzima, usidhani zilijaza kwa uzuri pekee. Kabla kamera haijawashwa, anayetengeneza, anayetangaza na anayesambaza walishakaa meza moja wakaulizana: inataka nini, itasemwaje, itafika lini na kwa nani. Nilichokiona jana ni kwamba wewe na wenzako mmetumia nguvu zote kwenye kupiga picha. Sauti yako ni safi, kwa hilo umempita baba yako. Usiitoe mwezi huu wa kilimo. Kata kipande kifupi, kianze kutembea kwenye simu za watu, na siku utakayosema iko tayari, iwe tayari kweli, kila mahali ulipoitangaza. Usambazaji niachie mimi. Sabuni na chumvi ninazopeleka vijijini kila wiki hazijawahi kukosa kufika, na filamu yako haitakosa.

Ila wa kutangaza sina, na wewe huna. Yupo mmoja, yuko Mwanza, ana mdomo uleule. Miaka yote hii yeye na baba yako wanasalimiana kupitia kwangu, "mwambie hajambo," "mwambie nasi hatujambo," na mimi nazipeleka hizo salamu kama chumvi. Nimechoka. Namba ya baba yako mdogo nimekuandikia. Mpigie wewe mwenyewe, umwambie Kulwa ana binti na binti ana filamu. Baba yako nitamleta mimi, hata kwa kumdanganya kwamba redio imeharibika.

Mungu akubariki, Nyamizi, akupe macho ya baba yako na mdomo wa Doto na miguu yangu. Akuepushe na wenye ukweli nusu. Na siku filamu yako itakapooneshwa hapa Tabora, awajalie hao wawili wakae benchi moja, wacheke mahali pamoja.