Rilizi ya Mvuke

Mdogo wangu tulimwita Mvuke, kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mbele ya pasi kubwa ya mashuka yenye mfuniko wa chuma.

Siku aliporuhusiwa kutoka wodini baada ya kupata kiharusi, dereva alikuwa nje anapiga honi. Upande wa kulia wa Mvuke ulikuwa umelala, lakini mkono wa kushoto ulikamata chuma cha kitanda na hauachii. Nesi akajaribu, binti yake akajaribu, nami nikajaribu. Wapi! Anatukodolea macho, anasema neno moja tu:

"Rilizi."

"Si ndiyo, mama, umeruhusiwa! Twende nyumbani," binti yake akambembeleza.

"Rilizi." Na mkono ukazidi kubana.

Nesi akanigeukia. "Bibi, tukiwapa na kitanda mwende nacho?"

Mimi darasa la saba nilimaliza, na cheti ninacho, lakini pale kichwa kiliniganda. Anaomba aachiwe, naye ndiye aliyeshika! Binti yake, mwalimu wa Kiingereza, akafungua kamusi kwenye simu.

"Mama mkubwa, kwa Kiingereza ‘rilizi’ ni kumfungua mfungwa. Pia ni kutoa wimbo mpya. Pia ni kuachia haki yako, au kupata nafuu ya maumivu. Asili yake Kilatini, likapitia Kifaransa: kulegeza tena."

"Tena? Mara ya kwanza alilegeza lini?"

Nesi akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nikamtazama Mvuke. Kiwiko kimekaza, macho yanahama kutoka uso hadi uso. Nilishamwona hivyo, enzi nikimpelekea chakula cha mchana. Pale kazini, anayetaka kufungua pasi alipaza sauti, "Rilizi!" na hakufungua mpaka mwenzake wa ng'ambo ya pasi ajibu, "Nimetoka!" kwa kuwa mvuke unababua. Siku moja mwenzake aliinama kufunga kiatu, akachelewa kujibu. Mvuke akashikilia mpini mpaka shuka likaungua. Msimamizi alipofoka, akamjibu, "Shuka lina duka lake, bosi. Uso je?"

Na sisi hapo tulikuwa tumemwinamia, nyuso zetu juu ya mkono wake.

"Sogeeni ukutani, wote!"

"Kuna nini, bibi?"

"Wewe sogea tu, mwanangu."

Nikarudi nyuma, nikasema kwa nguvu, "Nimetoka!" Mvuke akamtazama nesi. Nesi, kwa haya, "Nimetoka." Binti yake akafuata: "Nimetoka, mama."

Vidole vikafunguka.

Garini binti yake akaniuliza nilijuaje. Hata sijui kama nilijua. Nyumbani sasa ndiyo mtindo wetu: akishika kikombe anasema lake, tunajibu letu, anaachia. Ila jana alilisema mkono ukiwa mtupu, ananitazama mimi. Nikajibu, "Nimetoka." Akatikisa kichwa. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikajibu tena. Akatikisa tena.

Nikamwita binti yake alete ile simu, anisomee upya maana zote, polepole.