Aya Ambayo Haikuwemo Kitabuni

Fundi Redio hatengenezi redio. Wageni wa mtaa hufika mlangoni kwake na redio mbovu kwapani, wakamkuta mama wa makamo ameinamia cherehani, tepu shingoni, vipande vya kitambaa cha sare za shule vimetapakaa sakafuni. Huwaambia bila kuinua uso kwamba hapo hata betri hakuna, labda wampe suruali apunguze. Jina hilo alibandikwa darasa la tatu, na hakubandikwa kwa mapenzi. Lakini limemkaa hata leo ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi, haitiki.

Shule zikikaribia kufunguliwa, watoto wakija kupimwa sare, kumbukumbu humjia kwa fujo. Huku anapima mabega ya mtu, mdomo uko mbali: sakafu iliyonyunyizwa maji kabla ya kufagiwa, madawati yaliyochongwa majina na watukutu wa vizazi vyote, daftari jipya lilivyonukia ukilifungua puani. Ukimsikiliza utadhani alikuwa akishika namba moja. Wapi! Alishika mkia tangu darasa la kwanza, na aliushika kwa mikono miwili.

Wala hakuwa mjinga. Mama yake alimtuma dukani vitu chungu nzima, akarudi navyo vyote, na chenji mkononi. Hadithi akiisikia mara moja aliisimulia upya, akiweka na sauti za wahusika. Lakini herufi zilimkataa. Alikodolea neno macho, akalishika mwanzo, mwisho ukamponyoka. Akarudi mwanzoni, nako kumeshageuka. Siku hizi hali hiyo ina jina lake, na wako walimu waliosomea kuwasaidia watoto wa namna hiyo. Enzi zile majina yaliyokuwepo yalikuwa mvivu, mzembe na kichwa maji. Baba yake alijaribu fimbo. Shangazi yake akashauri apimwe macho. Akapimwa, macho yakaonekana mazima, basi fimbo ikarudi kazini. Katika watu wazima wote hao, wenye macho na akili timamu, hakuna aliyemuuliza mtoto mwenyewe anaona nini.

Aliyemuuliza ni Kijiti. Huyo alikuwa jirani yake wa dawati, mtoto mwembamba kama jina lake, aliyesoma kama maji lakini mbele za watu sauti ikamkwama kooni. Hata mahudhurio yakiitwa alinyoosha mkono tu. Mapumziko aliegemea ukuta, akitazama wenzake wakiruka kamba. Siku moja Redio, ambaye bado hakuwa Redio, alimshika mkono akampeleka kwenye kamba, akawatangazia wenyewe kwamba huyu yuko naye. Mdomo alikuwa nao, hakuna aliyebisha. Tangu siku hiyo wakawa pete na kidole.

Wakala njama. Katika kipindi cha kusoma kila mtoto alisoma aya moja, kwa zamu, kuanzia mlangoni kwenda dirishani. Mwalimu wao, mzee mmoja mpole, hakubadilisha utaratibu huo hata kwa dawa. Redio alikaa dawati la mlangoni kabisa, kwa hiyo aya ya kwanza ilikuwa yake siku zote. Basi Kijiti alimsomea aya hiyo nyuma ya vyoo, mara moja, mara ya pili, imekwisha. Darasani Redio alisimama, akashika kitabu, akaitiririsha na vituo vyake. Kijiti naye aliinong'oneza ya kwake dawati, na mwalimu, aliyekwisha kumzoea, akaridhika. Mpaka leo Redio akisimulia habari ya nyuma ya vyoo hucheka hadi cherehani inasimama.

Siku za mwizi ni arobaini. Mwalimu mzee aliugua, akaja mwalimu mpya, dada kijana mwenye miwani, na siku yake ya kwanza akasema, leo tuanzie dirishani. Redio akahesabu madawati, akajikuta wa mwisho. Hadithi ilikuwa ya mzee aliyepotelewa na punda wake. Akaisikia aya yake aliyoibeba kwa shida ikisomwa na mtoto mwingine. Zamu zikamfuata dawati kwa dawati. Kijiti akasimama, midomo ikacheza, sauti haikutoka, mwalimu akamwambia kwa upole akae. Ikabaki aya ya mwisho, na mwalimu amesimama palepale karibu nao, hakuna wa kumnong'oneza.

Redio akapiga moyo konde. Akasimama, akaangalia kitabu, akasoma ambayo hayakuandikwa. Mzee alizunguka kijiji kizima, akarudi nyumbani amechoka, akamkuta punda amelala kitandani kwake, amejifunika shuka, anamwambia, "Funga mlango bwana, baridi inaingia."

Watoto walikuwa wakifuata mistari kwa kidole. Vidole vikasimama. Kwanza wakacheka kwa sababu ya punda, na Redio akafikiri amepona. Kisha kiranja akanyoosha mkono, akasema hayo hayamo kitabuni. Wakatazamana, na kicheko cha pili hakikuwa kama cha kwanza. Mtu wa nyuma akamaliza kazi: "Kumbe redio tu. Inaongea, haisomi."

Mwalimu hakumchapa. Alimbakiza baada ya masomo, akamuuliza, na Redio akalia, akaeleza yote. Tangu siku hiyo kila jioni walikaa wawili na rula, mwalimu akifunika mistari yote isipokuwa mmoja, neno moja moja, kama watu wanaochambua mchele. Hilo lilikwenda, polepole.

Kilichokataa kwenda ni watoto wenzake. Walivumishiana kwamba ukimgusa Redio na wewe utasahau kusoma. Kwenye kamba aliruhusiwa kuzungusha tu, kuruka hapana. Mbaya zaidi, mama yake Kijiti alipata habari. Mwanawe haongei darasani, na sasa amejua sababu: amekalishwa na mbumbumbu. Alikuja shuleni mwenyewe, na Kijiti akahamishiwa dirishani, karibu na kiranja. Redio anasema jina halikumuuma kama ile nafasi tupu ubavuni mwake. Alipomtazama Kijiti, Kijiti aliangalia sakafu. Mtoto wa watu, mama ameshakataza, afanye nini?

Mwalimu aliliona hilo. Siku moja akasema leo watasoma wawiliwawili: mmoja asome kwa sauti, mwenzake afunge kitabu, asimulie alichosikia. Wachaguane wenyewe. Dada wa watu alikuwa na nia njema, ila hakuwajua watoto. Walichaguana kwa kelele na kuvutana mikono, kiranja akamchukua Kijiti, na Redio akabaki na dawati lake kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Wakati huo aliamua. Kengele ikilia ataondoka, na kesho atasema anaumwa, na keshokutwa pia, mpaka nyumbani wachoke kumpeleka. Alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake.

"Mwalimu."

Darasa likageuka. Hakuna aliyeitambua sauti hiyo, hata mwalimu alitafuta imetokea wapi. Kijiti alikuwa amesimama, mkoba kifuani.

"Mimi nataka kurudi kwa Redio."

Mwalimu akamwendea, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Na mama yako je, mwanangu?"

"Mama nitamwambia mwenyewe."

Akatoka dirishani hadi mlangoni, darasa zima likimwangalia, yeye ambaye kuangaliwa tu kulimtoa jasho. Akakaa. Akafungua kitabu akaanza kunong'ona. Redio akamwambia hasikii. Kijiti akaongeza kidogo. Bado hasikii. Akaongeza tena, mpaka dawati la tatu wakasikia, kisha la nne. Zamu yao ilipofika Redio alisimulia yote, neno kwa neno, na safari hii yalikuwemo kitabuni. Mchana ule kwenye kamba mtu alimpisha aruke. Watoto hawaombi radhi, husogea tu.

Kijiti alivyomwambia mama yake, Redio hakuwahi kujua. Anachojua ni kwamba kesho yake alikuja macho yamevimba, akakaa mlangoni.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Redio alimaliza shule ya msingi akiwa anasoma kwa rula, na kwa rula anasoma mpaka leo. Mistari miwili ikimkutanisha na maneno marefu, anapumzika. Akajifunza ushonaji. Kijiti alisoma mpaka mbali, sasa ni wakili katika mji mwingine, mtu ambaye kuandika ndiyo chakula chake. Lakini kwa Redio hajawahi kutuma hata neno moja la maandishi. Hurekodi sauti, ndefu, na habari zote za kazini na umbea wake, na Redio huzima cherehani akasikiliza.

Likizo iliyopita Kijiti alikuja na wanawe, wakakaa dukani kwa Redio wakinywa soda. Binti mkubwa, msumbufu kama wenzake wa umri huo, akaanza kumchongea mama yake.

"Shangazi, mama huyu mshamba kweli. Wakili mzima, hajui kuandika meseji kwenye simu. Hata sisi siku hizi anaturekodia sauti tu, anasema vidole vyake vizito."

Redio akamtazama Kijiti. Kijiti akacheka na wanawe, akakubali kwamba ndiyo, vidole vizito, amezeeka, afanyeje. Redio akainamia sare iliyokuwa mezani, akajifanya anatafuta pindo, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika na hakutaka watoto waulize.