Tanuri Lenye Maua Mekundu

Kwa miaka mingi nilikana kwamba vijiti vyangu viliota ndani ya chupa ya chai ya shangazi. Kwenye tasnifu niliandika "tanuri la maabara, nyuzi tisini." Tanuri lina heshima. Chupa ya chai ina maua mekundu.

Vijiti vyenyewe ni vya oksidi ya zinki, vyembamba hata mamia hujificha nyuma ya unywele mmoja. Vikisimama wima juu ya kioo, husaidia kubeba umeme ndani ya seli ya sola. Havitaki moto mkali. Maji ya moto yenye chumvi ya zinki yanatosha. Sifa hiyo ya joto dogo niliisifu tasnifu nzima, kana kwamba nimeigundua mimi.

Ukweli ni kwamba chuo kilikuwa kimefungwa, tarehe ya kukabidhi kazi inanikimbilia, nami nimekuja kwa shangazi, mtaa wa Buzebazeba, na vioo nimevifunga kwenye soksi. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara. Nikapasha maji kwenye jiko la mkaa, nikayamimina pamoja na dawa zangu katika chupa ya wageni, nikavitumbukiza vioo, nikafunga. Jioni vilikuwa na utando mweupe. Chuoni, darubini ikaonyesha vijiti vimejipanga kama askari wa gwaride. Wasimamizi wakapiga makofi. Chupa nilikwisha kuitupa, na shangazi nikamwambia imepasuka.

Baadaye niliiacha sayansi, nikahamia kwenye makala za kuwakejeli waongo. Kazi hiyo naijua vizuri.

Mwaka huu akanipigia binti anayesoma chuo kile kile.

"Shikamoo, mama. Nimerudia njia yako mara nne. Napata unga tu, umezama chini kama ugali ulioharibika."

"Marahaba. Osha vioo vizuri," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa na tanuri.

Wiki mbili baadaye akapiga tena. Hakusalimia vizuri. "Msimamizi amesema mara moja ya mwisho. Nikishindwa, naanza mada mpya, mwaka mzima umepotea. Anasema nina mikono mibaya."

Mikono mibaya! Nilikata simu, nikapanda bodaboda mpaka soko la samaki la Katonga, nikanunua migebuka mikubwa, nikaenda kwa shangazi. Mwoga huwa haendi mikono mitupu.

"Mwakeye, shangazi," nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani. "Ile chupa haikupasuka."

Aliendelea kuparua samaki. "Najua. Nilikuona unaingiza vioo. Nikasema, labda huko chuoni wamewafundisha kuvipa vioo chai."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nimesubiri mpaka umeota mvi. Sasa huyo mtoto wa watu anafanyaje?"

"Ameambiwa ana mikono mibaya."

"Na wewe una mdomo mbaya. Mpigie."

Sikumpigia, nilimwandikia ujumbe, kwa sababu ujumbe hauna sauti inayotetemeka. Nikaeleza yote: maji yasichemke, uso wa kioo utazame chini, chupa ifungwe ipoe yenyewe polepole. Nadhani tanuri la chuoni lilikuwa linayalazimisha maji kutoa kila kitu kwa mkupuo, ndiyo maana ya ule unga. Nadhani. Ningekuwa nimelichunguza hilo zamani, kama nisingekuwa na shughuli ya kulificha.

Siku tatu kimya. Shangazi akawa ananiuliza kila asubuhi, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Siku ya nne, niko Gungu kwenye duka la vitabu vya shule, simu ikalia.

"Mama, vimeota! Vimesimama vyote!"

Nikakaa juu ya boksi la madaftari.

"Lakini msimamizi yuko hapa," akaendelea, sauti ikashuka. "Anataka kujua njia hii nimeipata kwa nani. Kwenye tasnifu yako pameandikwa tanuri. Niseme nini?"

Muuza duka alikuwa ananitazama.

"Mpe simu," nikasema.