Kabati Lililogoma Kutoka

Mzee Randa, seremala, alitengeneza kabati ndani ya karakana yake, akalipiga msasa na vanishi, ndipo akagundua kwamba halipiti mlangoni. Wanawe walilizunguka kama watu waliokuja kuaga maiti. Kitinda mimba alipima mlango mara mbili, labda ungeona haya ukapanuka. Baya zaidi, walipomuuliza ni la nani, mzee alijikuna kichwa kwa penseli akasema jina la mteja limemtoka.

Hapo likawa jambo. Kifungua mimba akatoa hukumu: akili ya baba imeanza kuhama, karakana ifungwe kabla msumeno haujamla vidole. Mama yao, ambaye ulimi wake haujui likizo, aliwaambia wampishe. Mumewe alikuwa msahaulifu tangu ujana. Siku ya harusi yao aliingia ukumbi wa watu, akala, akapiga picha na bibi harusi asiye wake. Kama huo ni ugonjwa, basi yeye aliolewa nao.

Daktari aliyetibu goti la mzee aliwahi kuwaeleza. Kusahau ulipoweka ufunguo ni uzee tu. Kuushika usijue ni wa kazi gani, hilo likapimwe. Tena wapo wanaopoteza ya jana wakabaki na ya zamani. Mama alilishika lile la kwanza, haya mengine akayaacha hukohuko hospitali.

Ili kumaliza ubishi, alifungua kabati awaonyeshe kazi ilivyo safi. Akachungulia ndani. Kulikuwa na rafu nyembamba ya vitambaa vya kichwa, droo ya siri kushoto, na kioo kilichopachikwa chini, cha kumfaa mtu mfupi. Yote hayo aliyaomba yeye, akiwa bibi harusi wa wiki moja, na mwenyewe alishayasahau.

Furaha ilimjaa, na hofu ikaingia nyuma yake bila kubisha hodi.

"Baba watoto, nani alikuagiza hili?"

"Kuna msichana mmoja," alijibu mzee. "Mfupi, ana maneno mengi. Alisema atakuja kulichukua."

Watoto waliinamisha vichwa. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ameshakuja," alisema. Kisha akawageukia wanawe. "Kesho tunampeleka kwa daktari. Karakana haifungwi, nitakuwa nakaa naye mimi. Leo vunjeni ukuta."